Kishindo cha Prado: giaboksi nzima, propela kavu

Daktari wa mifugo aliniletea Prado yake akiwa na karatasi ya makadirio mfukoni. Gereji aliyotoka, ambayo sitaitaja, ilimwandikia kwamba giaboksi ifunguliwe. Kabla ya hapo walishabadilisha maunti (vishikizo vya raba) zote za injini na ya giaboksi, wakamwaga mafuta ya giaboksi na kuweka mapya, na kishindo kikabaki palepale. "Fundi," aliniambia, "nikubali tu wafungue, au kuna kitu hakijaangaliwa bado?" Swali lile lilinipa moyo. Mtu akishaambiwa giaboksi imekufa, mara nyingi huja kutafuta nafuu ya bei. Huyu alikuja kutafuta ugonjwa wenyewe.

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu karibu kila hatua yake ina kosa ambalo nimeliona likirudiwa gereji hadi gereji, na moja kati ya hayo nililifanya mimi mwenyewe nikiwa bado najifunza kazi.

Gari lenyewe ni Prado 150 ya dizeli lita 3.0, giaboksi ya automatiki. Mwenyewe anaishi Arusha, na mara mbili kwa mwezi hushuka Mto wa Mbu kuelekea Engaruka hadi karibu na Ziwa Natron kutibu ng'ombe na mbuzi. Anayeifahamu njia ile anajua vumbi lake. Ni laini kama unga, na masika makorongo yakijaa, gari huvuka maji ya kufika kwenye difu, lile tumbo la gia katikati ya ekseli. Kisha linarudi mjini, linaoshwa kwa pampu ya presha mpaka chini linang'aa, na mwenye gari anaridhika kwamba amelitunza. Kumbukeni huko kuoshwa, tutakurudia.

Malalamiko yalikuwa mawili. La kwanza: gari likisimama kwenye taa, likishatulia kabisa, unasikia "du!" moja nyuma, kama mtu amesukuma bampa kwa goti. Ukiachia breki na kuanza kuondoka, "du!" nyingine. La pili, ambalo alilitaja kama kitu cha pembeni, ni mtetemo uliokuwa ukija kuanzia mwendo wa 80 na kupungua ukipita 95 hivi. Kwa ajili ya huo mtetemo matairi yalishafanyiwa balansi mara mbili.

Nilimwomba anirudie maneno yake: kishindo kinakuja gari likiwa bado linatembea au likishasimama? "Likishasimama. Unaweza kuhesabu moja, halafu kinagonga." Kwangu hapo ndipo giaboksi ilipoanza kutoka kwenye orodha. Automatiki hushusha gia wakati gari bado linapunguza mwendo. Ikigonga, hugonga matairi yangali yanazunguka. Kitu kinachogonga baada ya gari kusimama hakisukumwi na gia, kinasukumwa na mwili wa gari unaorudi mahali pake juu ya springi.

Tukatoka kulijaribu. Yeye akaendesha, mimi nikakaa kiti cha nyuma, viatu nimevua na nyayo nimezikandamiza sakafuni. Watu hushangaa nikifanya hivyo, lakini mguu mtupu unasema sauti inatoka wapi vizuri kuliko sikio, kwa sababu ndani ya gari sauti huruka. Tukasimama taratibu mara tatu, kisha tukasimama kwa breki kali mara tatu. Breki ilipokuwa kali, kishindo kilikuwa kikubwa zaidi, na mguu ulisema katikati, sio mwisho wa gari. Kadiri mwili unavyoinama mbele zaidi, ndivyo unavyorudi kwa safari ndefu zaidi, na ndivyo kile kilichokwama kinavyoachia kwa nguvu.

Kabla ya kuingia chini ya gari ilibidi niwaondoe washukiwa wengine, kwa sababu kuna rafiki yake aliyemwambia sivi jointi za mbele, yaani viungo vya shafti zinazozungusha matairi ya mbele, zimekwisha. Prado hii huendesha matairi yote manne muda wote, kwa hiyo sivi jointi zake za mbele hazina siku ya kupumzika. Lakini sivi jointi ya nje iliyokwisha ina lugha yake. Ukizungusha usukani mpaka mwisho na kwenda polepole kwa duara, inalia "tak-tak-tak", na ukiongeza mwendo mlio nao unakimbia. Tulizunguka kwenye uwanja wa wazi, kulia duara mbili, kushoto mbili. Kimya. Nikaangalia raba zinazozifunika, kunjo kwa kunjo, nikizifungua kwa vidole. Zilikuwa kavu nje, hazina mpasuko, na upande wa ndani wa rimu hakukuwa na grisi nyeusi iliyotapanywa.

Niseme kidogo kuhusu sivi jointi, maana wengi huziweka kapu moja na krosi, viungo vyenye umbo la msalaba vya propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu. Ile ya nje ina gololi 6 zinazokaa kwenye njia zilizochongwa, umbo ambalo asili yake ni la Alfred Rzeppa, mhandisi aliyelitengeneza Marekani miaka ya 1920. Ubunifu wake ni kwamba gololi daima hukaa kwenye nusu ya pembe kati ya shafti mbili, ndiyo maana tairi hupokea mwendo ulionyooka hata usukani ukiwa umekatwa. Hii jointi haina nipeli, kile kichuchu cha kusukumia grisi. Grisi inayowekwa siku ya kuifunga ndiyo itakayokula maisha yake yote, na kinachoilinda ni raba tu. Matengenezo yake basi ni macho: kila gari linapopanda jeki, fungua kunjo za raba utazame. Mpasuko mdogo ukiuona mapema, unafungua, unasafisha, unaweka grisi mpya ya molibdenamu na raba mpya, na jointi inaendelea na kazi. Ukiuona baada ya mchanga kuingia wiki tatu, hata ukiijaza grisi kilo nzima, njia za gololi zimeshachimbika. Zile raba za kupasuliwa ubavuni na kubandikwa kwa gundi mimi sizifungi, labda kwa mtu aliyekwama njiani akitaka kufika nyumbani tu.

Sasa chini ya gari. Nilizuia matairi kwa magogo, nikaweka gia huru, nikaachia breki ya mkono, nikashika propela ya nyuma kwa mikono miwili.

Ekseli ya nyuma ya Prado ni moja iliyonyooka, inaning'inia kwenye springi na kupanda na kushuka kadiri barabara inavyotaka. Transfa, sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, imefungwa juu kwenye fremu. Kati ya hivyo viwili umbali haukai mahali pamoja hata dakika moja. Propela kwa hiyo ina kazi tatu kwa wakati mmoja: izunguke, ikunjike na irefuke. Kukunjika ni kazi ya krosi mbili, moja upande wa transfa na nyingine upande wa difu. Kurefuka na kufupika ni kazi ya sehemu yenye meno inayoingia na kutoka ndani ya mwenzake, ambayo nitaiita slipu. Krosi zina nipeli zake, slipu ina yake. Jumla 3 kwa propela ya nyuma, na ya mbele nayo ina zake.

Nilipoizungusha propela huku na huku, mchezo, yaani ulegevu, ulikuwa mdogo. Difu huwa na mchezo wake halali, na fundi asiyeujua anaweza kuukuza kuwa ugonjwa. Krosi ya upande wa transfa ilikuwa safi. Ya upande wa difu ilikuwa na unga mwekundu kwenye kingo za vikombe viwili vya beringi zake, kama tumbaku ya kunusa imenyunyizwa pale. Unga ule ni kutu ya sindano za beringi zinazosagana bila grisi. Ukiuona hauhitaji kipimo kingine, krosi hiyo imekwisha hata kama bado haina mchezo.

Nipeli ya slipu sikuiona. Nilipapasa nusu dakika kabla kidole hakijaigusa chini ya tope lililokauka na rangi nyeusi ya kuzuia kutu. Tundu lake lilikuwa limezibwa. Nilimwita daktari ashuke shimoni aone mwenyewe, kwa sababu sipendi kumweleza mteja kitu ambacho anaweza kukiona. "Hapa," nikamwambia, "hapajaingia grisi tangu rangi hii ipigwe." Akaniuliza rangi ilipigwa lini. Yeye ndiye aliyekuwa na jibu: tangu gari lilipotoka bandarini.

Maana yake kila sevisi aliyolipia, mtu alipitia nipeli zinazokubali na kuziruka zinazokataa. Bomba la grisi likikataa, kijana huhisi amemaliza, anahamia nyingine. Ni kosa dogo la sekunde kumi.

Hapo nilichukua chokaa nikaweka alama. Hii ndiyo hatua ninayomsisitizia kila kijana ninayefanya naye kazi: kabla ya kufungua bolti yoyote ya propela, weka alama kwenye flanji zote mbili, zile sahani zinazofungwa bolti, na kwenye slipu, ili kila kitu kirudi kwenye jino lake. Na ni wakati wa kuweka alama ndipo nilipoona jambo ambalo sikulitarajia. Masikio ya yoki (uma inayoshika krosi) ya mbele na masikio ya yoki ya nyuma hayakulingana. Ukisimama upande mmoja wa propela, mtu anayepiga ramli kwa jicho tu angeona kwamba yamepishana kwa meno kadhaa. Kuna aliyewahi kuichomoa propela hii, akaitenganisha kwenye slipu, akairudisha popote meno yalipokubali kuingia. Daktari akakumbuka: wakati wa kubadilisha maunti ya giaboksi waliiondoa. Na mtetemo? Akafikiri kidogo. Ulianza mwezi huohuo.

Sababu yake si ngumu ukiielewa krosi. Krosi moja ikikunjwa haipitishi mwendo ulionyooka. Upande wa kuingilia ukizunguka sawasawa, upande wa kutokea huharakisha na kuchelewa mara 2 katika kila mzunguko, na pembe ikiwa kubwa, kuyumba huko nako kunakua. Krosi ya pili imewekwa ili ifanye kinyume chake: pale ya kwanza inapoharakisha, ya pili inachelewesha, na difu inapokea mwendo mtulivu. Hilo hutokea tu pembe za krosi mbili zikiwa sawa na masikio ya yoki yakiwa yamelingana. Yakipishana, krosi ya pili haifuti tena kosa lote la kwanza, na yakipishana sana inaliongezea.

Na kulikuwa na njia ya kujua kwamba si matairi, hata bila kuingia shimoni. Tairi la 265/65 la rimu 17 husogea karibu mita 2.4 kwa kila mzunguko. Kwenye mwendo wa 80 hilo ni mizunguko 9 hivi kwa sekunde. Difu inafanya propela izunguke karibu mara 4 ya tairi, yaani kama mara 37 kwa sekunde, na krosi zisizolingana hutikisa mara 2 kwa kila mzunguko, zaidi ya mara 70 kwa sekunde. Tairi bovu hutikisa usukani, unaona mikono ikicheza. Propela hutetemesha kiti na sakafu, ni mvumo zaidi kuliko mtikisiko, na chupa ya maji kwenye kishikio huonyesha viwimbi vidogo. Nilipomuuliza daktari mtetemo aliusikia wapi, alisema mgongoni. Ningemuuliza hilo kabla ya yote.

Tukashusha propela. Bolti nne kila flanji, spana namba 14, na propela yenyewe ikiwa imeshikwa isianguke na kujipinda. Slipu ilitoka kwa shida. Ndani yake grisi ya zamani ilikuwa imegeuka kitu kama sabuni iliyokauka, imechanganyika na vumbi la kijivu. Hii slipu kavu ndiyo iliyokuwa ikikwama na kuachia kwa "du!" gari likisimama. Nililoweka meno kwenye mafuta ya taa, nikayasugua kwa brashi, nikayafuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha nikapitisha ukucha juu ya kila jino nikitafuta ngazi, kwa sababu meno yaliyolika ngazi hukwama hata yakiwekewa grisi. Kwa bahati yalikuwa mazima. Hayo ndiyo yangekuwa gharama ya kweli, maana slipu ikiharibika unatafuta propela nyingine.

Krosi ya upande wa difu nilipoifungua, vidole vyake vilikuwa na mistari iliyochorwa na sindano, ukucha unakwama ndani yake. Kuibadilisha kunataka subira. Toa klipu zote nne, kisha sukuma vikombe kwa jiliwa na soketi mbili, moja ndogo ya kusukuma na moja kubwa ya kupokea. Watu wengi hupiga nyundo juu ya masikio ya yoki. Sikio likijipinda kidogo tu, krosi mpya itakaa imebanwa upande, na itakufa upesi kuliko ile uliyoitoa. Krosi mpya niliinunua baada ya kupima ya zamani kwa kalipa, kipenyo cha kikombe na urefu kutoka ncha hadi ncha, na nilichagua yenye nipeli. Zipo zilizozibwa kabisa, na kwa gari la lami tupu sizikatai, lakini kwa mtu wa Engaruka nataka njia ya kusukuma maji na vumbi nje. Nilipomaliza kuifunga niliikunja pande zote mbili kwa vidole. Inatakiwa ikunjike laini, bila kukwama popote.

Kuhusu grisi. Krosi zinachukua grisi ya lithiamu namba 2. Slipu inapenda ile ya lithiamu yenye molibdenamu, kwa sababu kazi yake ni kuteleza chini ya mzigo. Kwenye krosi unasukuma polepole hadi grisi mpya itokeze kwenye vikombe vyote vinne. Kikombe kimoja kikikataa, zungusha propela, legeza mzigo, jaribu tena. Kikiendelea kukataa, kikombe hicho ni kikavu na krosi ina siku chache.

Slipu haitaki hivyo, na hapa ndipo nilipokosea zamani. Nilisukuma grisi kwenye slipu ya pikapu moja mpaka ikatokeza nje, nikajiona nimefanya kazi safi. Nilichokuwa nimefanya ni kujaza chumba cha ndani chote. Grisi haibonyei. Gari lilipopakiwa mzigo na ekseli ikapanda, propela haikuwa na pa kufupikia, ikawa nguzo inayosukuma beringi ya transfa upande mmoja na beringi ya pinioni, gia ya kuingilia difu, upande wa pili. Mwenye pikapu alirudi na sili ya difu inavuja, nikailipia mimi. Tangu siku hiyo nasukuma kidogo kidogo nikitazama slipu yenyewe, na ikianza tu kurefuka naacha. Kwa propela iliyo chini kama hii nafanya vizuri zaidi: napaka meno kwa mkono, naingiza slipu nipeli ikiwa imetolewa ili grisi ya ziada itoke, naisukuma hadi mwisho, ndipo narudisha nipeli. Mpya, kwa kuwa ile ya zamani haikuzibuka.

Masikio yakalinganishwa, propela ikarudi. Alama zangu za chokaa kwenye flanji nilizifuata, ile ya slipu nikaifuta, kwa sababu ilikuwa alama ya kosa la mtu mwingine.

Tulipotoka kujaribu, kishindo cha kusimama hakikuwepo. Mtetemo wa 80 haukuwepo. Kilichobaki ni kishindo kidogo cha kuondokea asubuhi gari likiwa baridi, na hicho nilishakijua: bushi ya mkono wa chini wa ekseli ya nyuma, kulia, ilikuwa na ufa. Nilimwambia inaweza kusubiri, lakini isisahaulike. Giaboksi haikuguswa. Alilipa krosi moja, nipeli, grisi na siku moja ya kazi.

Kuhusu kuosha: pampu ya presha ikielekezwa kwenye krosi na slipu hupenyeza maji pale ambapo korongo lilishindwa. Nilimwomba amwambie muosha gari wake asiielekeze kwenye propela, na kwamba akivuka maji ya kufika kwenye ekseli, grisi isukumwe siku hiyohiyo au kesho yake, ili itoe maji kabla kutu haijaanza. Kwa matumizi ya kawaida kilomita 10,000 au miezi 6 inatosha. Kwa njia yake nilimwandikia 5,000, na nikamchorea kwenye karatasi nipeli zote zilipo, za propela ya nyuma na ya mbele, ili popote atakapopeleka gari azihesabu moja moja na fundi akiwa shimoni. Wenye magari madogo ya familia yenye umbo la SUV wajue kwamba mengi hayana nipeli hata moja. Kwao kazi ni kutazama raba za sivi jointi, na kusikiliza beringi ya katikati ya propela kama wanayo.

Alirudi baada ya miezi mitano, ile karatasi ikiwa imekunjwa ndani ya kitabu cha gari na tarehe tatu za grisi zimeandikwa pembeni kwa kalamu. Nilifuta nipeli ya slipu, nikasukuma mara mbili, na iliyotoka ilikuwa nyeusi lakini laini. Tukabadilisha bushi ile ya kulia, na ya kushoto pia.